Sadaka Inataka Watumishi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanakamati wa misikiti, walimu wa madrasa na viongozi wa vikundi vya kina mama, Mombasa, katika siku za mwisho za mwezi wa Shaabani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Masheikh wetu waheshimiwa, wanakamati, mama zetu na dada zetu mlioacha shughuli zenu za jioni, nanyi vijana mliosimama huko nyuma ili wazee wapate viti, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumzie utoaji na kujitolea katika jamii ya Waislamu tulio wachache katika nchi hii. Ingekuwa rahisi kwangu kuanza kwa kuwahimiza mtoe zaidi, maana ndivyo tulivyozoea kuhimizwa kila mwaka mwezi kama huu, lakini sitafanya hivyo kwa sababu siamini kwamba ubahili ndio ugonjwa wetu. Anayepita Majengo, Bondeni au Mji wa Kale kabla ya magharibi katika Ramadhani huona sinia zikitoka nyumba hii kwenda nyumba ile, huona tende, uji na kaimati zimeandaliwa kwenye baraza za misikiti, na mgeni asiyejuana na mtu yeyote mjini hapati taabu ya kutafuta mahali pa kufuturu. Watu wetu wanatoa. Tunachopungukiwa ni watu wa kuitumikia sadaka baada ya kutolewa: wa kuihesabu, wa kuifikisha kwa anayestahiki, wa kuilinda isipotee, na wa kusimama mbele ya waliotoa na kuwaeleza ilikwenda wapi. Tumesema sana kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na ni kweli tupu. Lakini kukitunza kilichotolewa si moyo peke yake, ni kazi, tena kazi ya kila wiki.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Waislamu wa Kenya ni zaidi kidogo ya milioni 5 katika nchi yenye watu wapatao milioni 47 na nusu, yaani karibu asilimia 11. Hapa Mombasa jambo hili husahaulika upesi, kwa kuwa tunaamshwa na adhana kutoka pande zote na tunauziwa mahamri na watu wanaotuamkia kwa salamu yetu. Hata hivyo, uchache wetu una matokeo ambayo hayaonekani barabarani. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwagiza awafundishe watu kwamba zaka huchukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafukara wao. Maneno yale yanamchukulia mchukuaji na mrudishaji kuwa wapo, yaani kuna mamlaka inayokusanya na hazina inayogawa. Pakistan iliweka utaratibu wa serikali kukusanya zaka mwaka 1980. Malaysia ina mabaraza ya dini ya majimbo yanayoifanya kazi hiyo. Na ng'ambo ya bahari hapa, Zanzibar, ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Sisi katika Kenya tuna Mahakama za Kadhi zilizotajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010, lakini mamlaka yake ni katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Hakuna ofisi itakayobisha mlango wako kukudai zaka, na silalamikii hilo, kwa sababu dola isiyokuwa na dini haina wajibu wa kutukusanyia ibada yetu. Lakini ni lazima tuelewe lililofuata hapo: kazi yote ambayo kwingineko hufanywa na watumishi wenye mishahara, hapa imeangukia mabegani mwa watu wa kujitolea.

Tazameni aya ya 60 ya Surat at-Tawba, inayotaja watu wanane wanaostahiki zaka. Wa kwanza ni mafukara, wa pili masikini, na wa tatu, kabla ya wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kabla ya watumwa, kabla ya wenye madeni na msafiri aliyekwama, ni wanaoitumikia. Mwenyezi Mungu ameitenga kazi ya kukusanya na kugawa kuwa fungu kamili, akaliweka karibu kabisa na fungu la wenye njaa. Sasa, katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani hii tunayafuata, vitabu vinamwelezea mtumishi huyo kuwa ni yule aliyeteuliwa na kiongozi wa Waislamu, na kwamba mwenye mali akigawa zaka yake mwenyewe, fungu hilo huondoka. Masheikh waliopo mbele yangu wanalijua hili kuliko mimi, nami sikuja kutoa fatwa. Ninachokiona kama mtu wa hesabu ni kwamba mahali ambapo hapana kiongozi wa kuteua, mtumishi wa zaka huwa hana wa kumteua wala wa kumlipa, na asipojitokeza kwa hiari yake, lile daraja lililo kati ya tajiri na fukara linabaki bila mtu.

Kuna kazi moja katika mji huu ambayo tunaifanya vizuri sana bila ofisi wala bajeti, nayo ni maziko. Mtu akifariki alfajiri, mara nyingi huzikwa kabla ya alasiri. Anayeosha maiti anajulikana, na kama ni mwanamke wanajulikana kina mama wanaoosha. Sanda inajulikana inapopatikana. Jeneza liko msikitini. Vijana wa kuchimba kaburi Kikowani hawatafutwi kwa matangazo. Na kabla wafiwa hawajakumbuka kwamba wageni watahitaji maji na chai, jirani ameshawasha jiko. Maskini aliyekufa bila jamaa husaliwa na kuzikwa kama mwana wa tajiri, na wala hakuna anayepigwa picha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini jambo hili linakwenda namna hiyo ilhali mradi wa karo za mayatima unakufa katika mwaka wake wa pili. Jibu la kwanza ni la kifiqhi, yaani la sheria ya dini: maziko ni fardhi kifaya, wakiifanya baadhi yetu wengine tunasalimika, na tukiiacha sote tumepata dhambi. Jibu la pili ni la utaratibu: kila kipande cha kazi ile kina mwenyewe, na kila mtu anajua ni nani wa kupigiwa simu. Na la tatu, ambalo hatupendi kulisema, ni kwamba maziko yana mwisho. Saa chache zikipita umemaliza, umekung'uta mchanga, umepata thawabu zako. Njaa ya aliye hai haina mwisho wa namna hiyo. Mjane uliyempelekea unga leo atauhitaji tena baada ya wiki mbili, na mtoto uliyemlipia muhula wa kwanza ana mihula mingine mbele yake. Wanazuoni hawakuliacha hilo nje ya fardhi kifaya. Kumwondolea dhara aliyekosa chakula na mavazi, pale ambapo zaka haikutosha, wameitaja katika mlango huohuo. Tumelichukua nusu ya fundisho, ile nusu inayohusu wafu.

Nitoe mfano wa mwaka ambao mji huu uliijua nusu ya pili. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona, kisha kuanzia tarehe 6 Mei mwaka huohuo, katikati ya Ramadhani, serikali ikazuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale. Wavuvi, wachukuzi, wauza samaki, walimu wa chuo na mafundi wa nguo walijikuta ndani bila riziki, na Idi ikawakuta hivyo. Chakula kilipatikana, wafanyabiashara walitoa, jamaa walio nje walituma pesa kwa simu, na kaunti nayo ilileta chake. Ugumu ulikuwa katika kujua nani yuko wapi. Ni vijana wa mitaa, waliokuwa wakijua kila ukuta na kila ngazi, waliofahamu kwamba ghorofani kule kuna bibi mgonjwa wa sukari ambaye sukari na unga mweupe ndani ya kifurushi havimfai, na kwamba nyumba yenye mlango mzuri wa nakshi ndimo alimo mtu ambaye hajafungua kinywa kuomba tangu azaliwe. Orodha ile ya majina, iliyokuwa vichwani mwa vijana, ilikuwa na thamani kuliko lori la mchele. Vizuizi vilipoondolewa mwezi uliofuata, orodha ikarudi vichwani na kusahauliwa. Ningependa kila kamati iliyo hapa ijiulize kama leo, tukifungiwa tena, ingeweza kuandika majina ya kaya hamsini zinazoizunguka bila kuuliza mtu.

Vifurushi vya futari vinanipeleka kwenye jambo linaloniudhi, na mtaniwia radhi nikilisema kwa ukali kidogo. Siku hizi haitoshi kumpa mtu kilo mbili za unga, sukari, mafuta ya kupikia na pakiti ya tende. Ni lazima asimamishwe mbele ya bango lenye jina la mfadhili, ashike kifurushi chake, atazame kamera, na kabla hajafika kwake watoto wake wameshaiona picha kwenye simu za wenzao. Mwenyezi Mungu anatukataza katika aya ya 264 ya Surat al-Baqara tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia, na katika aya ya 271 anasema kwamba kuzidhihirisha ni vyema, lakini kuzificha na kuwapa mafukara ni bora kwetu. Najua utetezi unaotolewa: mfadhili aliye mbali anataka ushahidi. Ni haki yake kupata ushahidi, lakini ushahidi wa mali ni risiti na hesabu, wala si uso wa mama yetu. Mpelekeeni stakabadhi ya duka, idadi ya kaya zilizofikiwa na sahihi za watu wawili wanaoaminika, na akikataa hivyo, basi huenda alichokuwa anakinunua si thawabu. Ndugu zetu Mabohora wana jiko la jumuiya linalopeleka chakula kilekile katika nyumba zao, kwa mwenye nacho na asiye nacho, kwa hiyo chombo kikiletwa mlangoni hakimwambii jirani lolote kuhusu hali ya aliye ndani. Hizo ndizo akili za utoaji ninazozitamani, na akili kama hizo hazipatikani bila watu waliokaa kitako wakapanga.

Niingie sasa katika wakfu, ambako ndiko ulipo utajiri wetu na ndiko ulipo uzembe wetu mkubwa. Umar bin al-Khattab alipata shamba Khaybar, akamwendea Mtume kumuuliza alifanye nini, naye akamwambia kwamba akipenda alizuie shina lake na atoe sadaka mazao yake. Shamba lisiuzwe, lisipewe mtu, wala lisirithiwe. Wazee wetu wa pwani waliifanya sunna hiyo kwa wingi: minazi, visima, maduka na nyumba za mawe ziliwekwa wakfu kwa ajili ya misikiti, mafuta ya taa zake, walimu na wasafiri. Utawala wa Kiingereza haukuuelewa wakfu wa aina zote. Mwaka 1894 Baraza la Malkia kule London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, katika kesi iliyotoka Bengal, liliamua kwamba wakfu uliowekwa kwa ajili ya kizazi cha mtu si sadaka ya kweli, kwa kuwa kwa mtazamo wao kumlisha mjukuu hakuwezi kuitwa sadaka, ilhali Mtume ametufundisha kuanza na walio katika malezi yetu. India ilibidi itunge sheria mwaka 1913 ili kuurekebisha uamuzi ule, na kwetu sheria ya makamishna wa wakfu ya mwaka 1951 ikautambua wakfu wa namna hiyo. Sheria hiyo imetutawala kwa miaka zaidi ya 70, hadi Bunge lilipopitisha sheria mpya ya wakfu mwaka 2022.

Nawaeleza historia hii kwa makusudi. Mara mbili jamii ya wachache imelazimika kupigania ibada yake itambuliwe na sheria ambazo hazikuandikwa kwa lugha ya ibada hiyo, na mara zote mbili ilifaulu kwa sababu walikuwepo watu wenye elimu ya fiqhi na ya sheria za serikali waliokubali kukaa mezani saa nyingi. Lakini sheria nzuri haimjui mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, aliyekufa bila kumwonyesha mtu karatasi. Kuna nyumba za wakfu zinazokodishwa kwa kodi ya zama za babu zetu, wapangaji wakazirithisha kwa watoto wao kana kwamba ni mali yao; kuna viwanja ambavyo mipaka yake anaikumbuka mzee mmoja tu, naye ana miaka themanini; kuna hati zilizoliwa na mchwa ndani ya kasha la msikiti. Wakfu hauibiwi usiku na majambazi. Huibiwa mchana, polepole, kwa sababu hakuna aliyekwenda kwenye ofisi ya ardhi kuutafuta. Tuna mawakili Waislamu katika mji huu, tuna wapima ardhi, tuna makarani wastaafu waliotumia maisha yao katika masjala za serikali. Wakili akijitolea saa mbili kwa wiki kufuatilia hati za msikiti mmoja, ametoa sadaka kubwa kuliko akitia noti ya elfu moja kwenye sanduku, na ni sadaka ambayo mimi siwezi kuitoa hata nikitaka, kwa kuwa sina elimu yake.

Hadithi ya Mtume inasema kwamba kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza: kupatanisha watu wawili kwa uadilifu ni sadaka, kumsaidia mtu kumpanda mnyama wake au kumpakilia mzigo wake ni sadaka, neno jema ni sadaka, kuondoa udhia njiani ni sadaka. Katika orodha ile hakuna pesa. Muuguzi mstaafu anayepima shinikizo la damu baada ya sala ya Ijumaa, fundi bomba anayetengeneza mifereji ya madrasa, mwalimu wa hisabati anayewafundisha jioni watoto wa Kisauni waliofeli, wote wamo humo. Wamo pia wale wanaofanya kazi isiyopendeza macho. Jumuiya ya MEWA imehudumia kwa miaka mingi watu walioathirika na dawa za kulevya katika mji huu, watu ambao wengi wetu tukiwaona kwenye kona tunashika mifuko na kuharakisha mwendo. Na katika mwezi wa Muharram ndugu zetu wa Khoja Shia Ithnaasheri hukusanyika kutoa damu, ambayo haiandikwi kwenye chupa dini ya atakayeongezewa.

Hapo hapo niweke tahadhari. Tusiite kujitolea jambo ambalo kwa hakika ni kumnyima mtu ujira wake. Ustadhi anayefundisha watoto sitini tangu asubuhi hadi adhuhuri, mwenye mke na kodi ya nyumba, kisha tunampa bahasha mwisho wa mwezi tukikumbuka, huyo hatukumwajiri wala hakujitolea. Tumemdhulumu kwa maneno matamu. Mtume ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Aliye na riziki yake kwingine na akatoa muda wa ziada, huyo ndiye wa kujitolea. Asiye na riziki nyingine alipwe kwa mkataba, na mchango uchangishwe wazi kwa jina hilo. Tuseme msikiti una waumini 200, na kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa wiki: hizo ni shilingi 10,000 kila Ijumaa, na kwa mwaka wenye Ijumaa 52 ni shilingi 520,000. Walimu wawili hawatakuwa matajiri kwa pesa hizo, lakini watajua wanategemea nini.

Hesabu, basi. Jamii iliyo ya wachache hukaguliwa mara mbili, mara moja na sheria na mara ya pili na macho ya watu. Baada ya shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, serikali ilitangaza mwezi uliofuata kufuta usajili wa mashirika matano ya misaada ya Kiislamu. Sitaingia katika nani alistahiki na nani alionewa. Lililotuhusu sisi ni kwamba mayatima na walimu waliokuwa wakitegemea pesa za nje walilala wakiwa na msaada na wakaamka hawana. Baada ya mwaka 2001 fedha za kutoka Ghuba zikazidi kupungua, na mabenki yakaanza kuuliza maswali ambayo hayakuwa yakiulizwa. Februari 2024 Kenya yenyewe iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu fedha haramu, na tarehe 14 Mei mwaka huohuo sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa tangu 2013, ikaanza kutumika. Mtu anaweza kuhisi kwamba maswali haya yanatulenga sisi kwa chuki, na pengine mara nyingine ndivyo. Lakini maswali yenyewe, pesa zilitoka wapi na zilikwenda wapi, ni yaleyale tutakayoulizwa Akhera, na mwenye daftari safi hapotezi usingizi kwa ajili ya muulizaji yeyote.

Katika jambo hili walimu wetu wamo humu ukumbini, upande wa kina mama. Vikundi vya kina mama vina daftari, vina mhazini anayebadilishwa, vingine vina sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, na hesabu husomwa kwa sauti kila kikao mbele ya wote, hata ile shilingi ishirini ya nauli. Kisha ninaingia katika kamati za misikiti, ambamo kuna wanaume wenye digrii, naambiwa kwamba hesabu ya mwisho ilisomwa kabla mwenyekiti hajaenda Hija. Na wanawake wale wenye nidhamu ya pesa hawaitwi kuwa wahazini wa kamati hizo. Sijapata kuoneshwa kitabu cha fiqhi kinachozuia mwanamke muadilifu kushika daftari la mayatima. Nimeoneshwa mazoea tu. Simu nayo imerahisisha mambo: mchango unaokwenda moja kwa moja kwenye nambari ya malipo ya msikiti, na si kwenye simu ya mtu binafsi, unaacha rekodi ambayo kamati haiwezi kuifuta, na anayetoa usiku wa manane kitandani mwake amekaribia sana yule aliyesifiwa na Mtume, ambaye mkono wake wa kushoto haukujua ulichotoa wa kulia.

Limebaki suala la jirani asiyekuwa Mwislamu, na katika mji kama huu si suala la kupita juu juu. Zaka ina watu wake, na wanazuoni wengi, pamoja na wa madhehebu yetu, wamesema hupewa Waislamu. Wengi wetu tunaona pia kwamba haifai kuihamisha kutoka mji wake wakati wanaostahiki wapo. Lakini sadaka haina mpaka huo. Asmaa binti Abi Bakr alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume kama amuunge, naye akamwambia muunge mama yako. Na wafasiri wametaja kwamba aya ya 272 ya Surat al-Baqara, isemayo kwamba si juu ya Mtume kuwaongoa watu, iliteremka pale Waislamu walipoona uzito kuwapa jamaa zao wasiokuwa Waislamu. Msaada usiwe chambo. Maji ya mabomba ya misikiti yetu, katika mji ambao umekuwa na dhiki ya maji kwa miaka mingi, huchotwa na kila mwenye mtungi, na hakuna anayeulizwa shahada. Hilo tuliendeleze Likoni, Changamwe na kila tunapoishi tukiwa wachache zaidi, na tulifanye kwa sababu tumeamrishwa wema kwa jirani, si kwa ajili ya kupigiwa makofi na magazeti.

Ushahidi wa sadaka iliyovuka mipaka uko Tudor. Chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki, MIOME, kilichoanza kufundisha mwaka 1951, kilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan na ya jumuiya ya Bohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru milango yake ilifunguliwa kwa Wakenya wote, kikawa taasisi ya ufundi, kikawa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wapo wanaosikitika kwamba tulikipoteza. Mimi nasikitika kwa jambo jingine: kwamba tangu wakati ule madhehebu zetu hazijaketi tena meza moja kujenga kitu cha ukubwa ule.

Nimalizie kwa ninayoyaomba. Kabla ya mwezi kuandama, kila kamati iliyo hapa iandike majina ya kaya zinazouzunguka msikiti wake, ikitaja nani ni mgonjwa, nani ni mjane, nani ana deni, na nani si Mwislamu lakini ana njaa. Orodha hiyo ishikwe na watu wawili na isibandikwe popote. Hesabu ya mwaka uliopita ibandikwe, karibu na pa kutawadhia, mahali ambapo kila mtu atapita. Hati za wakfu zitolewe kwenye kasha, zipigwe picha kurasa zote, na nakala zipelekwe kwa wakili. Vijana wawili wako mlangoni na daftari: anayetoka aandike ujuzi wake na saa anazoweza kutoa kwa wiki, hata ikiwa ni saa moja, na asiandike saa kumi kwa hamasa ya leo halafu tusimwone tena. Wahasibu na wapima ardhi tunawahitaji kwanza. Maswali nitayapokea hadi adhana ya Isha.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.